Kumbukumbu ya Mbuzi Watatu

Mwaka wa sabini na tano, mchwa wa Sindeni walikula daftari la mahudhurio ya shamba la ujamaa, kuanzia jalada hadi jina la mwisho. Habari ilipofika Korogwe, watu wa mtaa wa Manundu waliguna tu. Laurenti, karani wa mkonge aliyefukuzwa kazi kwa sababu zisizohusu hadithi hii, alinyoa ndevu.

Jumatatu akatua Sindeni na betri ya gari, pamoja na mashine mbovu ya kujumlishia aliyoiokota jalalani.

"Kompyuta," alimwambia Mwenyekiti Kibwana. "Kumbukumbu zake ni aina mbili, mzee. Ipo ya muda: ukizima umeme, kila ilichojua kimekwenda. Hiyo bei yake mbuzi mmoja. Na ipo ya kudumu: zima, tumbukiza mtoni, ilichoshika kimeshikwa. Mbuzi watatu."

Kibwana, ambaye msimu mzima alionekana shambani mara mbili, tena akipita, aliipenda mno ile ya muda.

"Hii hapa ni ipi?" akauliza Mwantumu, katibu wa kijiji.

Laurenti alitupa jicho zizini. "Ya kudumu, mama."

"Haisahau bila betri?"

"Betri ni ya kuandikia tu."

"Wala wewe huwezi kufuta?"

"Hata aliyeiunda hawezi!"

"Basi tuijaribu. Andika mwanakijiji wa kwanza. Weka jina lako."

Laurenti akabonyeza vitufe taratibu, kwa adabu ya bwana harusi. Mashine ikakoroma. "Imeshika," akatangaza.

Watu wakapiga makofi. Laurenti naye akapiga, kisha akawafunga kamba mbuzi wake watatu.

"Unawapeleka wapi?" Mwantumu akauliza.

"Nyumbani, Korogwe."

"Nyumbani kwako ni hapa. Na mifugo ya mwanakijiji haitoki bila kikao. Kikao ni baada ya mavuno."

"Mama katibu, lile lilikuwa jaribio!"

"Ungetuuzia ya muda, tungezima sasa hivi."

Laurenti alifungua kinywa aseme mashine ni takataka. Akawaona mgambo wawili wameketi na virungu magotini. Akakifunga.

Alfajiri alikabidhiwa jembe. Kwenye tuta la jirani alikuwapo Kibwana, jasho linamchuruzika, jina lake limeandikwa la pili mashineni.

"Mbuzi mmoja, ndugu Laurenti," mwenyekiti alisema bila kuinua kichwa. "Ungeridhika na mbuzi mmoja, saa hizi sote wawili tungekuwa tumelala."