Mtama Wangu Hauna Doa

Jumatatu, 3 Juni

Leo ndiyo leo! Mkuu wa banda la miche amestaafu. Kaondoka na birika lake, kaacha kiti. Kile kiti kinachozunguka! Miaka yote nimekuwa nikikitupia jicho la pembeni kila nikipita na ndoo. Sasa kiko wazi.

Tunaokitaka ni wawili tu. Mimi, na huyu mwenzangu ninayemwita Bwana Taratibu, mtu anayemwagilia mche mmoja kwa kikombe kana kwamba anamnywesha mgonjwa uji. Daktari wetu, yule mama anayetafiti magonjwa ya nafaka, ametupa kila mmoja meza yake ya mtama mchanga kwenye vyungu. Halafu akaipulizia mitama yote maji yenye kuvu ya ugonjwa. Makusudi kabisa! Akaeleza kwa kirefu sababu yake. Mimi nilikuwa naangalia kiti, kama urefu wake unanifaa. Nilichodaka ni kwamba Ijumaa atakuja kukagua, na mwenye meza bora ndiye mkuu.

Sihitaji zaidi ya hapo. Kaleta ugonjwa ili aone nani ataufukuza. Akili ya kawaida tu.

Jioni nimempigia mama mkwe, nikamwambia nimeshapata ukuu. Amesema hilo atakuja kulisikia kwa masikio yake, Jumapili.

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Majani ya mtama wangu yametoka madoa mekundu. Madogo, makali, kila jani. Nimechungulia meza ya Bwana Taratibu: naye anayo, lakini yangu ni mengi zaidi. Na yeye hana habari! Anayatazama na kutabasamu. Nimeanza kumhurumia.

Nimekunywa chai, nikatuliza kichwa. Chai haijaisha, mpango umekamilika. Nikiri tu kwamba ni mpango wa hali ya juu.

Mama watoto kaniuliza kama nimemuuliza Daktari yale madoa ni kitu gani. Nikamwambia mkuu haulizi. Kasema kwani umeshakuwa mkuu. Wanawake wengine hawana subira.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Mpango umekwenda kama maji.

Bwana Taratibu alipokwenda kula, nilitoa mkasi mfukoni. Kata, kata, kata. Kila jani lenye doa, chini. Meza yangu imebaki kijani kitupu. Kusema kweli imebaki na majani machache sana, lakini hayo machache ni safi kama sahani ya wageni.

Sasa yale yenye madoa niyapeleke wapi? Hapo ndipo akili yangu ilipojionyesha. Nimeyachomeka yote kwenye mitama ya Bwana Taratibu, moja moja, katikati ya shina na jani, hata ukiangalia utadhani yameota pale. Meza yake imewiva wekundu. Daktari akiiona atashika kichwa!

Aliporudi aliiangalia meza yake muda mrefu. Akaiangalia na yangu. Kazidiwa, maskini.

Nimejaribu kiti. Kinazunguka vizuri sana upande wa kulia.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ilianza vizuri mno. Niwe mkweli, ilianza vizuri.

Daktari kaingia. Kupita tu kwenye meza ya Bwana Taratibu, kashika kichwa! Kama nilivyosema! Nikajipanga karibu na kiti. Halafu nikamsikia anasema hajapata kuona wekundu mzuri namna ile.

Mzuri?

Akaeleza tena, safari hii nikasikiliza. Kumbe mtama hauna miguu ya kuukimbia ugonjwa. Kuvu ikiingia kwenye jani, jani lenyewe linatengeneza sumu yake pale pale ilipoingilia, na sumu hiyo ni nyekundu. Kuvu inakwama hapo, inakufa. Doa si kidonda, ni dawa! Na mche uliotunzwa ovyo hauna nguvu ya kuitengeneza ya kutosha. Ndiyo sababu alitaka meza yenye wekundu mwingi, ayasage majani, aichuje ile dawa na kuichunguza.

Akageukia meza yangu. Imesimama kama kuku aliyenyonyolewa. Akauliza dawa ya mtama wangu iko wapi.

Hapo moyo uliniuma, sitaki kudanganya. Dawa nyingi kuliko zote banda zima, nimeitengeneza mimi, nimempelekea adui kwa mikono yangu! Nikapiga kelele kwamba yale majani ni yangu. Nikakimbia kumwonyesha, nikachomoa moja, nikachomoa jingine. Yakachomoka yote bila shida. Bwana Taratibu akasema kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba hata yeye alishangaa, maana mengine yalikuwa na alama za mkasi.

Daktari akaniuliza kwa nini. Nikasema nilikuwa nimemwazima mwenzangu.

Akakaa kwenye kiti. Kikazunguka nusu, akabaki ameutazama ukuta.

Bwana Taratibu ndiye mkuu wa banda.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepewa cheo! Kuanzia leo vyungu vyote vya banda viko chini yangu: kuviosha, kuvianika, kuvipanga. Na ufunguo wa stoo nimekabidhiwa mimi. Mkuu hana ufunguo wa stoo. Akitaka chungu, lazima aje kwangu.

Kaja asubuhi kuomba kumi. Nimemsubirisha kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe kaja, kavaa rasmi. Kauliza kama ni kweli mimi ni mkuu. Nikasema ni mkuu, mama, shikamoo. Kauliza nina wangapi chini yangu. Nikamjibu ukweli mtupu: mamia. Wanakutii? Hawajawahi kunijibu hata mara moja.

Mama watoto kapaliwa na chai, ikabidi atoke nje. Mama mkwe kanipa mkono, mikono yote miwili. Sijawahi kupewa mikono miwili nyumba hii. Nilitaka kulia.

Jumatatu, 10 Juni

Bahati imerudi! Daktari anatafuta msaidizi wa mkuu. Nimeshakiona na kiti chake. Hakizunguki, lakini kina mto. Kanipa meza ya ngano changa, kaipulizia kuvu mbele ya macho yangu, akaanza kueleza jambo. Mimi nilikuwa najaribu ule mto.

Bwana Taratibu kanifuata baadaye, ati kunisaidia. Kasema ngano nayo ina dawa yake, tena huwa nayo tayari ikiwa bado changa, ila haina rangi. Mpaka mashine ndipo ionekane. Kanishauri nimwagilie tu, nisiiguse.

Haina rangi! Huyu mtu ananiona mimi wa jana. Nilikuwapo Ijumaa, nilisikia kwa masikio yangu: wekundu ndiyo dawa.

Nimepita duka la rangi. Kopo dogo, brashi nyembamba. Mama watoto kauliza kama nimemuuliza Daktari. Nikamwambia tena, mkuu haulizi.

Nimechukua nyekundu. Na kijani kidogo, ikitokea Daktari amebadilisha mawazo.