Ripoti ya Gesi Iliyokataa Kuingia katika Chupa za Bi Mishi

(Hotuba ya Bwana Idarusi bin Mahmud, Mwenyekiti wa Kamati ya Kustawisha Tangawizi ya Mapovu, mbele ya wakazi wa mtaa wa Mbotela, Jumanne, 1958.)

Mheshimiwa Bwana Ofisa, ambaye kiti chake kimefika ingawa mwenyewe amepata udhuru. Waheshimiwa wazee wa mtaa. Waheshimiwa wachuuzi wa soko la Gikomba. Bwana Zedekiah, karani wetu mwenye kalamu mbili. Bi Mishi, mama wa bibi harusi, uliyeketi mbele umekunja uso. Nanyi nyote mliosimama juani kwa kuwa viti ni vya Kamati: amani iwashukie. (Makofi ya Kamati.)

Ninasimama kwa unyenyekevu, ambao nimejaliwa kuliko wenzangu wote, kutoa ripoti ya Kiwanda chetu cha Tangawizi, kinywaji halali kisicholevya, tulichoazimia kukizindua Ijumaa katika harusi ya binti wa Bi Mishi, ili wakwe kutoka Makadara wanywe kitu kinachopanda puani, wasije wakasema wamekaribishwa maji ya sukari. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu na kwa mpango wangu, chupa arobaini zilitiwa tangawizi, ndimu, sukari na hamira, zikazibwa siku nne zilizopita. Hadi asubuhi ya leo, chupa thelathini na tisa hazina gesi hata chembe. (Minong'ono.)

Kamati haikulala! Kila baada ya sala ya alfajiri, wajumbe saba wenye kanzu safi walizikagua chupa kwa utaratibu uliopitishwa: kuzibua, kusikiliza kwa sikio la kulia, kuandika katika fomu "gesi bado", na kuziba tena. Chupa zimezibuliwa mara mia moja hamsini na sita, rekodi isiyo na mfano mtaani. (Bi Mishi: "Na gesi itakaa wapi, baba, mkiifungulia mlango kila asubuhi?" Kicheko.) Swali hilo, mama, limepelekwa kwa kamati ndogo. Sisi tulitafuta sababu za kitaalamu. Chupa zilihamishwa kivulini na kurudishwa juani kwa kupiga kura. Hamira ya dukani kwa Dirie iliitwa mbele ya Kamati, ikashindwa kujitetea.

Ama chupa ya arobaini, imepotea, na Kamati inalaani vikali... (Bibi Kibibi, mama yake Bi Mishi, ainuka na chupa: "Haikupotea, mwanangu. Niliificha uvunguni mikono yenu isiifikie." Aizibua. Mlio mkubwa. Kizibo chaangusha kofia ya Mwenyekiti. Povu, vigelegele.)

Waheshimiwa, niokotieni kofia. Mmejionea! Asilimia mia ya chupa ambazo Kamati haikuzigusa zimefaulu! (Bibi Kibibi: "Hizo nyingine nitatia sukari kidogo, nizizibe, nizifungie chumbani. Ijumaa zitalia zote. Na ufunguo ninalala nao.") Kamati inaipitisha hoja hiyo kama yake.

Vizibo viheshimiwe! Mapovu kwa kila nyumba! Kamati idumu!

Namalizia kwa kumshukuru Bi Mishi, aliyetuazima chupa zake, sufuria yake, jiko lake, ndimu zake na mama yake; maana Kiwanda chenyewe, kama wajumbe wanavyojua, ni muhuri huu nilioushika, na wino wake tumeuagiza. (Bi Mishi akusanya chupa: "Kaa nao, baba. Ijumaa uje kunywa, lakini muhuri uuache nyumbani.")