Miaka Kumi na Moja Bila Madai

Betri ndiye aliyeleta habari. Alikuja asubuhi jua halijafika kwenye benchi, simu mkononi, akatusomea kwamba kampuni za bima zimepandisha bei kwa madereva walio chini ya miaka ishirini na mitano. Kijana sasa atalipa karibu mara mbili ya anacholipa mtu mzima kwa gari lile lile. Alisoma mara ya pili, halafu akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliopandisha.

Mimi ni fundi viatu. Benchi liko mbele ya kibanda changu, na kwa kuwa kazi yangu ni ya kushika misumari midogo mdomoni, siwezi kubishana na mtu, kwa hiyo nasikia kila kitu. Betri ni fundi umeme wa magari, lakini jina hilo hakulipata kwa kazi yake. Alilipata kwa sababu akianza kuongea hakuna ajuaye chaji itaisha lini.

Siku hiyo chaji ilikuwa imejaa. Alisema huo ni uonevu mtupu. Wahenga walisema ujana ni moshi, kumbe siku hizi moshi nao unatozwa. Aliyekuwa akimpinga ni Mjomba, dereva mstaafu wa malori, ambaye sote tunamwita Mjomba ingawa ni mjomba wa mtu mmoja tu. Mjomba alisema kampuni zimechelewa. Kijana wa leo anashika usukani kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye simu, na akili iko kwa mtu wa tatu. Yeye gari lake dogo la nyumbani amelikatia bima miaka kumi na moja na hajaidai kampuni hata senti. Idadi hiyo tuliijua kama tunavyojua namba zetu za simu. Alikuwa akiitaja hata kwenye misiba.

Alikuwa hajamaliza kuwasuta vijana mpwa wake alipotokea, karatasi mkononi. Ni mtoto wa dada yake, binti wa miaka ishirini na miwili, mtaalamu wa maabara, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa. Akatuamkia, akakaa ukingoni mwa benchi, akatueleza shida yake.

Maabara anakofanya kazi ilikuwa imeanzisha huduma ya kuwafuata majumbani wagonjwa wasioweza kuinuka, watolewe damu kitandani. Nafasi ilikuwa moja, na ilikuwa ya mwenye gari lake. Binti akakusanya alichokuwa nacho, akanunua kigari cha mkono wa tatu ambacho mlango mmoja wa nyuma unafunguka kwa ndani tu. Kazi ingeanza tarehe mosi, na sharti la maabara ni gari liwe na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiumia. Zilibaki siku tisa. Karatasi aliyoishika ilikuwa ya bei ya hiyo bima, na ilikaribia nusu ya bei ya gari lenyewe.

Mjomba akaomba asomewe, akasema jua linamchoma macho. Aliposikia kiasi, akatamka kwa utulivu kabisa kwamba huo ni wizi.

Betri akamkumbusha kwamba dakika mbili zilizopita alikuwa upande wa kampuni.

"Dakika mbili zilizopita tulikuwa tunazungumzia vijana," Mjomba akasema. "Sasa tunamzungumzia mpwa wangu."

Hapo ndipo Betri alipopata mpango. Mipango ya Betri huwa mizuri sana mpaka pale inapotekelezwa. Alisema kinachomponza binti si umri peke yake, ni kwamba hana punguzo. Kampuni humpunguzia bei mtu kwa kila mwaka anaopita bila kudai fidia. Binti ndio kwanza anaanza, ana sifuri. Mjomba ana kumi na moja. Basi bima iandikwe kwa jina la Mjomba, punguzo lote liingie, na binti aandikwe chini kabisa kama dereva wa kumsaidia mara moja moja.

Mjomba alipenda wazo hilo kuliko alivyopenda kuonyesha. Binti hakulipenda. Alisema gari ni lake na atakayeliendesha kila siku ni yeye, sasa Mjomba atasemaje ndiye dereva? Betri akamwambia asiwe na moyo wa karatasi, kila mtu anafanya hivyo. Huwa ninamwogopa mtu anayesema kila mtu anafanya hivyo, kwa sababu siku ya matatizo hao kila mtu hawaonekani.

Wakati huo Bi Risiti akafika kuchukua kiatu chake. Bi Risiti ni wakala wa bima, ofisi yake iko milango mitatu kutoka kwangu, na anaitwa hivyo kwa kuwa hata ukimpa salamu anatamani kukuandikia. Kisigino kilikuwa bado kwenye gundi, ikabidi asubiri, mguu mmoja una kiatu, mwingine umekanyaga kipande cha boksi. Betri, badala ya kunyamaza, akamwomba aubariki mpango.

Bi Risiti aliusikiliza wote. Kisha akasema watu wengi hawalielewi hilo punguzo. Wanadhani ni zawadi ya kuendesha vizuri.

"Kampuni haijui kama unaendesha vizuri," alisema. "Inajua tu kwamba hujaisumbua."

Betri akauliza kwa nini basi yeye asipewe, maana hajawahi kuisumbua kampuni yoyote tangu azaliwe. Bi Risiti akamjibu kwamba hana gari wala bima, kwa hiyo alichonacho ni sifuri, ila imekomaa. Akaendelea kwamba punguzo ni la mtu aliyekata bima, halihamii kwa mpwa wala halikai kwenye gari. Binti akijificha nyuma ya jina la mjomba wake miaka mitano, hata asigonge kuku, mwaka wa sita akitaka bima yake ataanzia sifuri kama alivyo leo. Miaka yote mitano itakuwa imemnenepesha Mjomba.

"Na kwenye fomu kuna swali," akasema. "Nani ataendesha gari hili zaidi? Mkilijibu uongo, hakuna atakayewashtukia leo. Litasomwa tena siku ya ajali, na siku hiyo hamtalipwa."

Binti akasema amesikia. Lakini Mjomba alikuwa ameshaguswa pabaya, akaona kama miaka yake kumi na moja imeitwa takataka mbele ya watu. Akasema basi ataendesha yeye. Kila asubuhi atampeleka mpwa wake kwa wagonjwa, amngoje nje, amrudishe. Hapo hakuna uongo. Akainuka, akasema twende ofisini sasa hivi tukamalize. Nikaenda nao kwa kuwa kiatu kilikuwa mkononi mwangu, na kwa kuwa nisingekubali kusimuliwa na Betri.

Ofisi ya Bi Risiti ni chumba kimoja chenye meza, viti vitatu, na kalenda ya mwaka jana anayoitunza kwa ajili ya picha. Aliwasha kompyuta, akaomba namba ya bima ya zamani. Mjomba akaitaja kwa kichwa, bila kukosea tarakimu. Bi Risiti akaandika, akasubiri, akasogea karibu na kioo, akaandika tena.

Kisha akamuuliza kwa upole kama ana bima nyingine kwa kampuni nyingine, maana hii imekwisha miaka minne iliyopita.

Tulikuwa tukijua gari la Mjomba liko gereji. Alitwambia hivyo, kwamba linasubiri kifaa kutoka mbali. Ni kweli sasa nikihesabu hicho kifaa kilikuwa kimesafiri muda mrefu, lakini nani humhesabia mtu mzima? Binti naye alimtazama mjomba wake, akaonekana ndiyo kwanza anasikia.

"Nililiuza," Mjomba alisema.

Hakuna aliyeuliza sababu, ndiyo maana akaisema. Ni macho. Jioni moja alikuwa akiingiza gari nyumbani kwake, akagonga nguzo ya geti lake mwenyewe, nguzo aliyoijenga kwa mikono yake na kuipita zaidi ya miaka ishirini. Hakuiona. Hakudai fidia, kwa sababu angeiharibu ile miaka kumi na moja. Alinunua mfuko wa saruji akaiziba nguzo, akaligonga bati la gari likanyooka kidogo, na mwezi uliofuata akaliuza kwa mtu wa mbali ili asikutane nalo njiani. Mkewe anajua. Wengine wote tuliambiwa gereji.

Betri akamsogezea kiti, Mjomba akakaa.

Bi Risiti hakumcheka. Alimwambia kwamba rekodi yake ni safi kweli, ila kwa kampuni nyingi punguzo ukikaa bila bima kama miaka miwili linakufa. Kwa hiyo leo Mjomba na mpwa wake wako sawa, sifuri kwa sifuri. Kisha, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imeshawashwa na Mjomba alitaka kujua mwisho wake, akapiga hesabu ya bima kwa jina la Mjomba, kwa umri wake na hayo macho. Ilitoka ghali kuliko ya binti.

Binti akacheka. Alijaribu kuzuia, akashindwa, akaweka kichwa mezani akacheka mpaka mabega yakatikisika, na Mjomba aliyekuwa amejikunja kwenye kiti akamtazama, akaanza kucheka yeye pia.

"Kwa hiyo mimi ni hatari kuliko huyu mtoto," akasema.

"Kwa karatasi, mzee wangu," Bi Risiti akajibu.

Iliyobaki ilichukua nusu saa. Binti akasema ataandika jina lake, aanze na sifuri yake. Bi Risiti akamtafutia nafuu za halali. Gari lilale ndani ya ua unaofungwa. Kukiwa na ajali, sehemu ya kwanza ya gharama aibebe binti mwenyewe, kampuni ianzie hapo. Na akubali kufungiwa kifaa kinachorekodi mwendo wake na namna anavyokanyaga breki. Bei ikashuka, si sana, lakini ikafika mahali ambapo mshahara wa kazi mpya ungeweza kuifikia. Akasaini. Tarehe mosi aliondoka alfajiri na kisanduku cha chupa za kuwekea damu kwenye kiti cha mbele, kimefungwa mkanda.

Siku yake ya kwanza ya mapumziko hakupumzika. Alimpakia Mjomba akampeleka kwa daktari wa macho. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia likafanyiwa upasuaji kwanza, na Mjomba alirudi kijiweni na kitambaa usoni, akilalamika kwamba njia nzima yule binti hakupita gari hata moja.

Mwezi wa kumi wa bima yake ndipo binti alipojaribiwa. Alikuwa ndani kwa mgonjwa, gari limeegeshwa vizuri, lori la mizigo likapita likang'oa kioo cha pembeni na kuendelea na safari. Hakuna aliyeshika namba. Benchi zima likageuka bunge. Betri alisema adai, tena leo leo, mtu hawezi kulipia mwavuli mwaka mzima halafu mvua ikinyesha aufunge. Mjomba alisema asithubutu, mwaka unakaribia kutimia. Walibishana mpaka nikatoa misumari mdomoni nikawaambia wamuulize mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa ameshapita kwa Bi Risiti. Alikuwa ametoa taarifa, kama masharti yanavyotaka, kwa kuwa taarifa ni taarifa na dai ni dai. Kudai ni haki yake, Bi Risiti alimwambia hivyo wazi. Lakini mwenye lori hajulikani, kwa hiyo kampuni haina wa kumrudia, na dai lingehesabiwa ni la binti ingawa kosa si lake. Isitoshe kioo kilikuwa na bei ndogo kuliko ile sehemu aliyokubali kuibeba. Angedai, asingepata kitu, na mwaka ungeharibika. Akanunua kioo kilichotumika. Gari ni jeupe, kioo ni chekundu. Betri alikifunga bure, akinung'unika kuhusu mwavuli.

Mwaka ulipotimia alikuja na karatasi nyingine. Mjomba akaipokea, akainyoosha, akaisoma mwenyewe kwa sauti, kila neno, hata anuani ya ofisi. Chini palikuwa na mstari uliosema mwaka mmoja bila madai, na bei mbele yake ilikuwa imepungua. Alipofika hapo akarudia mara mbili. Betri akadai sherehe, kwa maelezo kwamba yeye ndiye aliyeleta wazo. Binti akasema labda Jumapili, sasa hivi kuna bibi anamsubiri na hajanywa hata chai kwa ajili ya kipimo.

Akaingia garini, akafunga mkanda, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, akaingia barabarani. Alikwenda taratibu kiasi kwamba mama mmoja mwenye ndoo kichwani alimpita, akageuka kumpungia mkono. Betri akasimama akataka kumpigia kelele aongeze mwendo, watu wana haraka.

Mjomba akamvuta shati akamkalisha.

"Mwache," alisema. "Hayuko barabarani yule. Yuko mwaka wa pili."