Kamera Niliyodhani Nimeizima

Wanajamvi wa Houston na Dallas, leo nimevuliwa nguo mbele za watu. (Nguo nilikuwa nimevaa. Mtanielewa.)

Mnajua juzi nimerudi kutoka Uturuki, kule kwenye miji ya kale iliyochongwa chini ya ardhi. Leo mchana nikaalikwa Stafford, hapa jirani na Houston, kwa shangazi yake Neema, niwaonyeshe video. Neema ni mchumba wangu tangu chuo. Kila shangazi akiuliza ndoa lini, sikosi jibu: nimalize masomo, nipate kazi, ninunue gari. (Gari ninalo. La pili.)

Mkanda ukaanza. Vyumba kwa vyumba ndani ya mwamba laini, kuta bado zina alama za patasi. Jiko jeusi kwa moshi wa watu waliokufa zamani sana. Zizi, ghala, jiwe la duara la kufungia mlango. Unashuka, unashuka tena, na kahewa ka baridi kanakufuata kutoka tundu la juu. Huko chini nilikuwa kama naota. Nilitamani nisitoke.

"Hukuogopa?" Neema akauliza, ameniegemea.

"Mimi? Nimezunguka kote peke yangu! Hapo nikazima kamera, nipumzike kidogo."

Sikuizima. (Kitufe chenyewe kidogo, jamani!) Ilikuwa inaning'inia kifuani, inarekodi. Kwenye televisheni giza. Halafu pumzi. Halafu sauti, yangu kabisa:

"Mamaaa! Nimekwama! Tumbo limekwama!"

Shangazi akaweka chini sahani ya vitumbua.

"Ee Mungu, ukinitoa humu, nikifika Houston tu namuoa Neema! Mwezi huohuo! Sitamzungusha tena!"

Yalaa! Nikarukia rimoti. Shangazi keshaikalia. Akarudisha mkanda nyuma, tukasikia upya. Kisha akampigia mumewe kazini, simu akaiweka karibu na televisheni, naye asikie. Nilitamani lile shimo linimeze tena.

Neema hakucheka. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Yaani mpaka ukwame ndiyo unanikumbuka?"

"Huko chini sikuwaza mtu mwingine, Neema."

"Ulianza na mama."

"Wa pili wewe!"

Hapo akacheka, mpaka akashika mbavu. Shangazi yeye uso mkavu.

"Mungu katimiza lake, baba. Kakutoa. Bado wewe."

Harusi ni mwezi huu. Nina furaha kuliko ninavyoonyesha, lakini atakayenicheka humu hapati pilau.