Josia Wawili Kwenye Barafu

Jumatatu, 14 Januari 2002

Ifahamike kwa wakazi wote wa Hamugembe, walio hai na waliotangulia, kwamba leo saa nne na dakika ishirini asubuhi mimi, Karugendo, mwalimu mstaafu wa jiografia, nimepandishwa cheo. Sasa ni Mtelezi Mzoefu! Bendera haikupandishwa. Joviana, mke wangu, aliendelea kumenya ndizi.

Cheo kimetolewa na jukwaa moja la kwenye intaneti. Huko Wazungu wanaoteleza juu ya theluji, mbao ndefu miguuni, husimuliana safari zao na kushauriana namna ya kusafiri wakati wa baridi. Nililigundua mwezi wa kumi kwa Hemant, aliyegeuza duka la vitambaa la baba yake kuwa duka la intaneti. Kompyuta mbili, pazia la kitenge katikati. Nimekwisha kutoa ushauri mara sitini na moja. Mbele yangu yuko mtu mmoja tu, Kapteni Otto wa Austria, mwenye sitini na nne. Mwisho wa mwezi mshauri bora atapewa tiketi ya ndege na wiki nzima kwenye theluji. Mimi sijawahi kuiona theluji. Otto anaiona kila akifungua dirisha. Ana haja gani na tiketi?

Naandika kwa jina la Josia. Si uongo! Kaka yangu Josia alisomea misitu Norwei, akateleza huko miaka saba, akarudi na mbao zake, viatu na koti. Alifariki mwaka 1999, miaka hii ambayo Jumamosi zetu zote ni za mazishi. Matanga yalipokwisha nikawekwa kuwa musika, mrithi wake. Wazee wakanikalisha kwenye kiti chake, wakanivika koti lake, wakatangaza mbele ya watu kwamba Josia hakufa, Josia ni huyu hapa. Kuna aliyepinga? Hakuna. Basi.

Leo bibi mmoja wa Norwei, Ragnhild, miaka sitini na nane, kauliza swali. Jumapili saa sita mchana kwa saa zetu anataka kuvuka ziwa lililoganda, peke yake, akamwone dada yake mgonjwa. Apite wapi? Nikalikumbuka ziwa letu. Mtumbwi wenye akili haupiti katikati, hufuata matete. Nikamjibu kwa Kiingereza cha heshima: fuata matete, bibi, hasa pale mto unapoingilia, ndipo salama. Akashukuru sana.

Sitini na mbili!

Jumanne, 15 Januari

Sikwenda mjini. Nimeshinda ndani ya koti la Josia ili mwili uzoee. Jasho la ajabu. Joviana kasema nanukia kama mbuzi aliyenyeshewa. Wivu wa watu wasiosafiri.

Jumatano, 16 Januari

Sijisikii vizuri.

Nimefika kwa Hemant asubuhi kuhesabu shukrani zangu. Chini ya ushauri wangu kuna jibu jipya. Aliyeandika amejiita Josia wa Kishanda.

Kishanda, kule Muleba, ndiko kilipo kibanja chetu, shamba la migomba la ukoo. Ndiko tulikomzika.

Anamwambia Ragnhild asisogelee matete. Barafu ya penye matete ni nyembamba, na pale mto unapoingia ni nyembamba kuliko ngozi ya ndizi. Mtu avukaye hachukui njia bila mwenzake, na huvaa shingoni misumari miwili ya kujivutia akizama. Anasema anajua, kwani yeye mwenyewe ameshasikia barafu ikilia chini ya miguu.

Sawa. Kila jukwaa lina wajuaji. Lakini chini yake pana mstari wa Kihaya. Kihaya! Katikati ya Wazungu! Unaniambia mimi, kwa jina langu, Karugendo, kwamba lile halikuwa handaki.

Hapa lazima nieleze. Wiki iliyopita nilisimulia jukwaani jinsi nilivyojifunza kuteleza. Mwaka 1978, wakati wa vita, bomu lililia ng'ambo ya kilima, nikashuka mteremko wa shule kwa makalio mita arobaini hadi ndani ya handaki. Wazungu walipenda sana. Ukweli ni kwamba lilikuwa shimo la choo. Jipya, lakini si jipya sana. Aliyenitoa ni Josia, kwa kamba ya ng'ombe. Akaniapia kwamba hatamwambia mtu. Duniani tulijua watu wawili, na mmoja amelala chini ya migomba.

Nikamuuliza Hemant kama kompyuta inaweza kuandikiwa kutoka popote. Akasema popote, Mwalimu, ndiyo raha yake. Nikauliza, popote kabisa? Akaniangalia akaniletea chai.

Alhamisi, 17 Januari

Umeme hakuna Bukoba nzima. Afadhali. Asiye na umeme haandikiwi.

Joviana kashauri niandike neno moja tu kwa yule bibi: nimedanganya. Nikamweleza kwamba mambo ya kitaalamu hayaendi hivyo.

Ijumaa, 18 Januari

Umeme umerudi. Nimeamua kupambana. Nikaandika jukwaani kwamba Josia wa kweli ni mimi, yule wa Kishanda ni mlaghai, na bibi Ragnhild afuate matete bila hofu. Nikabonyeza. Nikajisikia mwanaume.

Hapo nikasikia vidole vikichapa nyuma ya pazia. Tap, tap, tap. Polepole, kama mvua inayoanza kwenye bati. Vikanyamaza. Skrini yangu ikaonyesha jibu jipya. Josia wa Kishanda anauliza: Karugendo, koti langu halikubani makwapani?

Linanibana! Nilikuwa nimelivaa!

Nikafunua pazia. Hakuna mtu. Nikagusa kiti, kina joto. Hewa yote inanukia vanila. Josia alipenda kutembea na maganda mawili ya vanila mfukoni mwa koti hili hili. Nikatia mkono mfukoni. Mfuko umetoboka, lakini vidole vilitoka na harufu ileile.

Nikamwita Hemant, ni nani alikuwa hapa? Akajibu bila kuinua uso kwenye gazeti: mteja, Mwalimu. Mteja gani? Mteja wa siku zote.

Na Ragnhild naye kajibu. Anaona Josia wawili, amechanganyikiwa. Ila huyu wa kwanza ndiye aliyemjibu kwa upole, kwa hiyo atamfuata huyo. Jumapili, saa sita, matete.

Nilipaswa kuandika neno moja. Badala yake nilitoka mbio, nikaacha hata kofia.

Jumamosi, 19 Januari

Nimekwenda kwa Hemant kuandika lile neno moja. Kweli nilikwenda! Mtandao umekata. Hemant kasema labda Jumatatu. Jumatatu bibi wa watu atakuwa chini ya ziwa.

Nikabuni mpango. Kama Josia ana uwezo wa kuandika kutoka alipo, basi ana uwezo wa kumzuia yule bibi. Kinachotakiwa ni kumwomba kwa adabu. Nikabeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikavaa koti lake ili anitambue, nikapanda gari la Muleba.

Nilishuka Kishanda saa tisa, mbingu nyeusi tii. Njia ya kwenda kwetu inapita nyumba tatu mfululizo zenye kufuli. Waliolala kwenye vibanja vile wote niliwafundisha mito na milima. Zamani ningeitwa kwa heshima kila mlango: Mwalimu, waitu, karibu! Leo hata mbwa hakubweka. Nikajikuta nawasalimia mwenyewe, kwa sauti, jina moja moja, kama ninaita mahudhurio. Nikangoja kidogo baada ya kila jina. Sijui nilingoja nini.

Kisha mvua ya mawe. Ilinikuta chini ya mgomba, na jani la mgomba si paa. Ilipiga kama dunia inasagwa. Ikakata ghafla. Nikafungua macho.

Kibanja kizima kilikuwa cheupe. Migomba imesimama ndani ya weupe, moshi wa baridi unapanda ardhini, kimya hata masikio yanauma. Nikaona pumzi yangu. Maisha yangu yote ya jiografia sikuwahi kuiona pumzi yangu.

Na juu ya weupe ule, mistari miwili. Imenyooka, sambamba, upana wa kiganja kila mmoja. Nimeiona jukwaani kwenye picha mia. Ni mistari ya mbao za kutelezea. Hakuna nyayo kati yake, hakuna nyayo pembeni. Ilitoka rweyani, kule kwenye majani ya wazi, ikashuka hadi kwenye kaburi la Josia. Pale ikasimama. Halafu ikaendelea hadi mlangoni kwake.

Kibuyu kilianguka. Mlango ukafunguka. Akatoka Verdiana, mjane wa Josia, shemeji yangu. Hakunisalimu. Alisimama akilitazama lile koti likija katika weupe. Akaniuliza kwa Kihaya, taratibu, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama nimerudi.

Nilitaka kusema ni mimi, Karugendo. Tukasimama hivyo, kila mmoja akimwogopa mwenzake, mpaka mawe yakaanza kuyeyuka na viatu vyangu vikalia chwa, chwa. Hapo akanijua. Akasema Josia hakuwahi kutembea kama bata.

Akakaa kizingitini akacheka. Baadaye hakikuwa kicheko tena. Nikakaa naye.

Jumapili, 20 Januari

Nimelala Kishanda. Naandika mambo yalivyokuwa, bila chumvi.

Verdiana aliishi Norwei na Josia miaka mitano. Anateleza kuliko alivyoteleza marehemu. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza. Tulipogawa vitu vya theluji niliuliza tu vipimo vya koti na viatu. Mbao nilizidhani za dari, nikaziacha. Yeye huzifunga pamoja, hupakia nyasi za rweyani, huzivuta kwa kamba hadi kibanjani kufunika udongo. Jana mawe yalimkuta njiani na mzigo, yalipopungua akauvuta hadi mlangoni. Ulipovutwa, nyasi zilizoburuta kati ya mbao zilifuta nyayo zake. Alisimama kaburini kwa sababu huanzia pale kufunika, kila mara.

Jumanne na Ijumaa hupeleka vanila Bukoba kwa mnunuzi, na akingoja gari la kurudi hukaa kwa Hemant nyuma ya pazia. Ndiye aliyenitangulia jukwaani kwa miaka miwili, akisoma bila kusema. Ijumaa aliponisikia nikiinuka alitoka kwa mlango wa uani, mkono mdomoni, akicheka. Habari ya choo Josia alimpa usiku wa harusi yao. Kiapo gani hicho!

Nikamuuliza kwa nini basi alitumia jina la marehemu. Akaniuliza mimi nilitumia la nani.

Akaacha mzaha. Mwaka 1984 yeye mwenyewe alizama penye matete. Josia alimvuta kwa ufito akiwa amelala kifudifudi juu ya barafu, barafu ikilia. Aliposoma ushauri wangu, alisema, aliusikia tena ule mlio. Ndiyo maana Ijumaa, mimi nikikimbia, alirudi kitini akamwandikia Ragnhild kweli yote: Josia ni marehemu, anayeandika ni mjane wake, na huyo mwingine ni shemeji, mtu mwenye moyo mzuri ambaye barafu pekee aliyowahi kuiona ni ya kwenye soda.

Lakini bibi ameisoma? Mtandao ulikata Jumamosi, hatukujua kama ilifika. Saa sita mchana tulikaa kaburini, Verdiana na mimi. Saa sita na robo alishika mkono wa koti, akaushikilia. Nikauacha.

Jumatatu, 21 Januari

Yu hai! Ragnhild yu hai! Hemant aliniita kabla sijafunga baiskeli. Bibi aliisoma, akazunguka kwa barabara, akamkuta dada yake anakunywa supu. Jirani yake alitoboa barafu pale kwenye matete. Unene wa sahani.

Nililia mbele ya Hemant. Akanirudishia kofia.

Habari nyingine. Ushauri wangu wote sitini na mbili umefutwa. Cheo changu sasa ni Mgeni. Otto kaniuliza soda ya aina gani. Na wasimamizi wa jukwaa hawakungoja mwisho wa mwezi: tiketi ya ndege na wiki nzima kwenye theluji vimekwenda kwa Josia wa Kishanda. Anastahili. Nimesema na narudia, anastahili.

Ila nimeitazama karatasi aliyoichapa Hemant. Jina la msafiri: Josia. Hakuna Verdiana hapo. Na Josia ni nani? Wazee walitangaza mbele ya watu, na hakuna aliyepinga. Kesho shemeji anakuja na vanila. Nitamweleza kwa upole mambo ya urithi.

Nimevaa viatu vya Josia vya theluji ndani ya nyumba, vizoee mguu. Asubuhi nilivikuta vimelowa hadi ndani, baridi kali. Joviana anasema ni paa linavuja.

Mvua haijanyesha Bukoba tangu Ijumaa. Nitalipanda hilo paa kesho nikalitazame. Mteremko wake, kwa kweli, unafaa kwa mazoezi.