Bwana Faili na Mita Arobaini

Jamani, hiki ninachowaambia hamtakiamini, lakini shahidi ni mtaa mzima!

Bwana Faili alikuwa kwa kinyozi, shavu moja safi, jingine povu, redio ikatangaza: huduma ya maji imerudi manispaa. Kampuni imefungasha virago baada ya miaka kumi na miwili ya kutuuzia upepo bombani.

Watu wakashangilia. Yeye akawaza mita. Kila nyumba ina mita, kila mita ni shaba, na mnunuzi wa vyuma chakavu yuko kona ile pale. Msimcheke, alikuwa amebanwa: mama mkwe mtarajiwa alimpa hadi Ijumaa awe na kazi inayoeleweka, la sivyo uchumba basi. Shaba ile ingemfungulia kaduka ka simu.

Akafuta povu, akabana faili kwapani (ndani yake, kwa heshima zote, mna gazeti la mwaka juzi), akaazima mkokoteni na spana.

"Shikamoo mama. Natoka manispaa. Tunakusanya mita za kampuni. Anayetoa kwanza, anafunguliwa maji kwanza."

Hapo ndipo alipotupatia! Mwenye nyumba wa ghorofa kusikia jirani katoa, akashuka mbio na taulo kiunoni.

"Nina vyumba kumi na sita, kijana! Nianze mimi!"

"Utaratibu, mzee wangu."

"Utaratibu gani? Lete hiyo spana!"

Akafungua mwenyewe, akabeba mwenyewe mpaka mkokotenini, na asante akasema yeye.

Kufika saa sita mchana, mita thelathini na tisa. Mtu mwenye akili angeondoka. Lakini arobaini si inapendeza zaidi? Akagonga mlango wa mwisho. Akatoka mama mmoja, ovaroli limepauka, mkononi spana kubwa kama paja.

"Karibu, mwanangu. Kabla ya kufungua mita, koki ya mtaa umeifunga?"

"Ofisi imeshafunga, mama."

"Ofisi ipi?"

"Ya maji."

"Ofisi ya maji ni mimi," akasema mama, taratibu. "Kampuni ilipoingia ilinifukuza. Nimerudishwa jana."

Bwana Faili akatazama kushoto. Kulia. Mwenye nyumba wa taulo alikuwa amemfuata mpaka hapo, akisubiri maji yake.

Mama akaanza kuhesabu mita kwa kidole. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hizi zinahesabu hata bomba likikohoa! Nimeagizwa nizikusanye zote zikapimwe upya. Nimepewa watu sita na wiki mbili. Wewe umemaliza kabla ya chakula cha mchana!"

"Basi mama, mimi niage..."

"Uende wapi? Sukuma."

Akasukuma mkokoteni kilomita mbili, jua la utosi, mpaka stoo ya manispaa. Pale mlangoni mama akamnyooshea vitu viwili: mkono wa kulia ovaroli jipya, mkono wa kushoto simu, namba ya polisi tayari kwenye kioo.

"Chagua, mwanangu. Lakini ukivaa, kila mita utairudisha wewe, nyumba kwa nyumba. Na yule wa ghorofa, kwa haraka yake, awe wa mwisho."

Ijumaa, mama mkwe akafungua mlango, akaona ovaroli, kitambulisho, na magoti yenye matope ya kweli. Akamvutia kiti.

Lile faili sasa lina majina ya watu kweli, na Bwana Faili anaapa hajawahi kuchoka hivi tangu azaliwe. Haya, wewe mwenzangu, ungekuwa pale mlangoni, ungeshika ovaroli au ungetimua mbio?