Malalamiko Dhidi ya Mama wa Ubatizo wa Laptopu

Kwako Komadre Saturnina, mama wa ubatizo wa binti yangu Wara,

Pole na joto la tanuri la mikate. Sisi huku El Alto wote wazima, ila laptopu.

YAH: BIA ULIYOIMWAGIA MASHINE YA WARA

Naandika kwa adabu, nikijua kwamba Jumanne ya kanivali nilikupigia kelele mbele ya wageni, nawe ukabeba sufuria yako ya mchuzi wa puchero ukaondoka ukisema, "Hilarión, mtafutie binti yako madrina mwingine!" Zile kelele zilikuwa kosa langu, na msamaha naomba. Ila malalamiko yenyewe yapo palepale, nami nayapanga kwa namba usije ukasema napayuka.

1. Unaikumbuka laptopu ilivyokuwa. Kizee, betri ilikufa zamani, inaishi kwa umeme wa ukutani tu. Wara akifungua mchoro wa paa la soko, hilohilo atakalolitetea mbele ya maprofesa Jumatatu, mashine inaganda, tunakunywa chai mpaka paa litokee. Mpya hatuiwezi. Ndipo mimi, fundi wa kujifunzia kwenye video, nikatafuta ubao mama wa toleo la juu yake, wenye tundu la kuchomekea kadi ya picha ya nje. Nikang'oa wa zamani, nikafunga huo. Skrubu zilibaki kidogo. Ikawaka! Kadi imekaa mezani ndani ya kasha lake kama mgeni rasmi, paa linazunguka bila kukwama, mke wangu Basilia analia kwa furaha. Wewe ukasema, "Haijabarikiwa hiyo. Itakufa." Komadre, kinywa chako!

2. Nani alijitolea kuwa madrina wa mashine, kama alivyokuwa wa Wara? Wewe. Nani alikuja na bia ya kummwagia Mama Dunia abariki, majani ya koka na riboni za karatasi? Wewe. Gari hubarikiwa boneti imefungwa. Ni kweli niliacha kifuniko cha chini wazi ili Mama Dunia aione kazi yangu, lakini madrina mwenye macho angeuliza.

3. Ulimwaga. Unadai ni matone tu, tena pembeni mwa meza. Mimi niliona povu. Halafu ukaanza, "Muziki uko wapi? Tunabariki au tunazika?" Nikahangaika kutafuta pa kuchomeka spika, nikacheza, naam, nilicheza sana. Kurudi kubonyeza kitufe, kimya. Laptopu kimya, kadi kimya. Sikuwa na haja ya kuchunguza zaidi, povu nilishaliona.

4. Tangu siku ile nyumba haijafagiliwa, maana nimekataza mtu kufagia baraka kabla ya Jumapili. Riboni zimejaa mpaka nyuma ya kabati. Wara kahamia kwa rafiki yake, anachora paa kwa penseli. Mlangoni aliniambia, "Baba, usiguse kitu kingine. Hata redio."

5. Hivyo basi, kwa kuwa madrina hulea mtoto wazazi wakishindwa, naomba uichukue laptopu uilaze juu ya tanuri, pamoja na mikate, mpaka ikauke. Isipopona, uvae nguo nyeusi uje nayo chuoni Jumatatu, uwaambie maprofesa imefia kwenye mila. Wakimnyima Wara maksi, uwamwagie na wao. Hilo nalo likishindikana, ongea na Mama Dunia, wewe unayejuana naye, airudishe bia.

Lakini Komadre, Wara hana madrina mwingine, wala hamtaki. Wewe ndiye uliyemshika siku ya maji ya ubatizo. Siku ya mahafali, joho atamvika nani? Kama una hasira na mimi, njoo unikasirikie hapahapa, umekaa, una chai mkononi.

Nisalimie Kompadre Teófilo, watoto, wateja wote wa asubuhi, na yule paka anayelala kwenye magunia ya unga.

Wako, mkosaji wa kelele na mdai wa bia,
Hilarión Quisbert

N.B. Sijafunga bahasha. Wara amerudi sasa hivi, kashika ufagio bila kuniuliza. Nyuma ya kabati, chini ya riboni, amekuta plagi ya laptopu na kadi imelala sakafuni, na kwenye tundu la ukutani imechomekwa spika. Spika yangu. Kaing'oa, kanipa mkononi. Kachomeka plagi, paa linazunguka. Tumechungulia ndani: ubao mkavu, hata harufu ya bia hamna. Yalikuwa matone, Komadre, tena pembeni mwa meza. Futa namba moja mpaka tano, ubakize pale pa joho. Barua hii tunaileta pamoja, na mimi nimetangulia mbele ya Wara, ili ukirusha mkate unipate mimi.